Mstari mmoja

Leo asubuhi nilimsindikiza mdogo wangu kupima VVU, wiki 3 baada ya tukio linalomtia hofu, akiwa bado na homa na tezi za shingo zikiwa zimevimba.

Kipimo kilionyesha mstari mmoja, yaani hakikuona maambukizi.
Nilishusha pumzi, muuguzi hakutabasamu.

Alitueleza kwa upole kwamba kipimo kile hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, na ambazo huweza kuchukua hadi miezi 3 kufikia kiwango kinachoonekana, ilhali virusi, kama vimeingia, huwa tayari vinazaliana ndani ya seli za CD4, yaani seli nyeupe za damu za kinga ya mwili, na homa yenyewe huenda ikawa ni kinga inayopigana navyo.

Tutarudi kupima tena.

Bado namwona akiutazama mstari ule bila kupepesa macho.

Ndugu zangu mliowahi kusubiri hivi, mlimtulizaje mwenzenu?