Nilivyochagua distribyuta ya elektroniki kwa Volkswagen yangu ya 1972

Gari langu ni Volkswagen ya mgongo (Beetle) ya mwaka 1972, injini ya 1600 iliyopo nyuma, kabureta ya 34 PICT-3. Silifungii bandani kusubiri maonyesho. Ndilo ninalosafiria kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa kwa wazazi, na anayeijua njia hiyo anajua kwamba baada ya Ruaha Mbuyuni kuna mlima wa Kitonga, na Kitonga haikubali injini inayomisi. Nilipoamua kuachana na kontakti pointi (vile vyuma viwili vinavyofunguka na kufunga kukata umeme) na kutafuta distribyuta ya elektroniki, yaani kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, nilitaka mambo matatu: gari liwake asubuhi kwa mara ya kwanza, lipande mlima bila kugonga, na likinizimikia porini niweze kuliwasha mwenyewe.

Nianze na pointi, maana wengi wanazilaumu bila kujua tatizo lilipo. Shafti ya distribyuta inazunguka nusu ya mwendo wa injini. Injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, shafti iko 2,000, na kwa kuwa ina pembe nne, pointi zinafunguka na kufunga mara 8,000 katika dakika hiyo moja. Nafasi yake ni milimita 0.4 tu. Kila zinapofunguka kuna cheche ndogo inayozila, na kile kipande cha plastiki kinachosugua shafti kinaisha kidogo kidogo. Kikiisha, nafasi inapungua, pointi zinachelewa kufunguka, na moto, yaani cheche ya plagi, unachelewa. Gari linakuwa zito, linakula mafuta zaidi, na wewe unamlaumu aliyekuuzia petroli. Ongeza hapo kondensa (kikopo kidogo kinachopunguza cheche ya pointi) zinazouzwa siku hizi, ambazo nyingine zinakufa zikiwa bado mpya, utaelewa kwa nini watu wanakimbilia elektroniki.

Ndani ya distribyuta ya elektroniki ya kawaida hakuna maajabu. Pete yenye sumaku nne inakaa kwenye shafti chini ya rota (kile kinachozunguka na kupeleka umeme kwa kila plagi), na pembeni kuna kimoduli chenye sensa. Sumaku ikipita, moduli inakata umeme wa koili (inayokuza umeme wa betri) na plagi inapiga. Hapo pa pointi hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinachoisha wala cha kuseti kwa fila geji (bapa la kupimia nafasi).

Nilizunguka maduka ya spea Kariakoo na Ilala, na kila nilikoingia nilioneshwa kitu kilekile: nakala ya Bosch 009, aina moja ya distribyuta, yenye moduli ndani yake. Wauzaji walikuwa na neno moja: "Braza, hii ni elektroniki, ukifunga umemaliza." Bei yake ni nafuu na inang'aa. Mimi nilikuwa tayari na 009, tena ya pointi, iliyofungwa na mmiliki aliyepita. Kipua cha vakyumu (nguvu ya injini ya kunyonya) kwenye kabureta kilikuwa kimezibwa kwa mpira uliokunjwa na kufungwa waya. Na gari lilikuwa na tabia moja tangu nilinunue: likiwa kwenye sailensi (linawaka bila kukanyagwa mafuta) linanguruma vizuri, ukikanyaga mafuta uondoke kwenye taa za barabarani, linasita kwanza, kama limesahau, ndipo linavuta.

Fundi wangu ni mzee wa mtaa wa Gerezani aliyezichezea Volkswagen tangu zilipokuwa mpya. Nilimpelekea picha ya ile nakala kwenye simu.

"Shikamoo mzee. Nimepata hii."

"Marahaba mwanangu. Mimi na elektroniki hatuna ugomvi. Niambie kwanza, hiyo moto wake unasogea vipi?"

Swali hilo ndilo lililoamua kila kitu. Elektroniki inachukua nafasi ya pointi tu. Haikuambii moto utawahi kwa digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu, na utawahi lini. Kazi hiyo inafanywa na vitu vingine viwili: vyuma vizito vyenye springi chini ya sahani, vinavyotanuka kadiri mwendo unavyopanda, na lile kopo la vakyumu pembeni lenye dayaframu (utando mwepesi), linalovutwa na kabureta. 009 haina kopo. Inategemea vyuma peke yake.

Sababu ya kuhitaji vyote viwili ni hii. Ukiwa unatambaa barabara tambarare baada ya Chalinze, mguu mwepesi, hewa na mafuta yanayoingia kwenye silinda ni kidogo na yanaungua polepole. Moto unatakiwa uwahi zaidi. Vakyumu inakuwa kubwa, inavuta sahani, moto unawahi. Ukianza kupanda Kitonga, mguu umeshuka hadi chini, silinda zinajaa, mchanganyiko unaungua haraka, na moto uliowahi sana utaifanya injini igonge. Vakyumu yenyewe inaanguka, sahani inarudi, moto unarudi. Kwa injini inayopozwa na upepo hili si jambo la starehe. Joto halina maji ya kulibeba. Silinda namba 3 inajulikana kwa kupata joto kuliko wenzake, kiasi kwamba kuna distribyuta za zamani za Volkswagen ambazo zilitengenezwa zikichelewesha moto wake kwa digrii chache. Na kule kusita kwenye taa ndiko huko huko: 34 PICT-3 imetengenezwa ikitegemea kopo litawahisha moto pale tu unapogusa mafuta. Weka 009 ya elektroniki, utakuwa umenunua kusita kulekule bila pointi.

Hapo chaguo langu likabaki kati ya vitu vitatu.

Cha kwanza ni kununua moduli peke yake na kuifunga ndani ya distribyuta niliyo nayo. Hilo sikulifikiria sana. Shafti yangu ilikuwa na mchezo. Ukiishika kwa vidole na kuisukuma huku na huku unauhisi. Bushi zinazoshika shafti zikiisha hivyo, sumaku nayo inayumba, na moto unarukaruka.

Cha pili ni 123ignition ya Uholanzi. Hii naiheshimu mno, na kama gari langu lingekuwa la kuzunguka mjini ningejinyima niinunue. Ndani yake hakuna vyuma wala springi. Kompyuta ndogo ndiyo inayoamua moto uwahi kiasi gani, na toleo la kawaida lina mikondo 16 ya kuwahisha moto unayochagua kwa kugeuza swichi ndogo pembeni. Kuna toleo jingine unalolipanga mwenyewe kwa simu. Kuseti taimingi (wakati wa moto kupiga) ni kugeuza bodi mpaka kitaa cha kijani kiwake. Tena inakata umeme wa koili yenyewe injini ikisimama, jambo ambalo moduli nyingi za bei ya chini hazifanyi. Lakini bei yake ni mamia ya euro kabla ya usafiri na ushuru, na ikifa kati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni, hakuna fundi wala duka litakalonisaidia. Sina njia ya kurudisha pointi humo. Kwa safari zangu, hilo lilinitosha kuiacha.

Cha tatu, ambacho ndicho nilichochukua, ni distribyuta mpya yenye vyuma na kopo la vakyumu pamoja, iliyotengenezwa kwa kufuata ile ya asili, lakini ndani ina moduli iliyokaa kwenye skrubu ileile ya pointi. Maana yake moduli ikifa, naitoa, naweka pointi na kondensa, naondoka.

Sikuinunua kwa kuangalia boksi. Mzee alinifundisha kuipima pale pale juu ya kaunta, na yeyote anayenunua ya aina hii na afanye hivyo. Kwanza sukuma shafti pembeni: isicheze. Pili shika rota uizungushe kuelekea inakozunguka, yaani kama mshale wa saa kwa Volkswagen, kisha iachie: irudi yenyewe kwa nguvu ya springi, bila kukwama. Tatu, chukua kipande cha mpira, chomeka kwenye kopo, unyonye kwa mdomo. Sahani inatakiwa isogee wazi ukiiona. Kisha ziba mpira kwa ulimi na usubiri. Ya kwanza niliyopewa ilisogea vizuri, nilipoziba ikaanza kurudi taratibu. Dayaframu inavuja ikiwa mpya. Nikairudisha. Ya pili ilikaa palepale mpaka nilipotoa ulimi. Muuzaji hakufurahi, ila alinielewa.

Kabla ya kuifunga nilipima koili, na hapa ndipo moduli nyingi zinapofia watu wakidhani zilikuwa mbovu. Chomoa waya zote mbili za koili, weka multimita kwenye omu, pima kati ya ncha zilizoandikwa 15 na 1. Moduli yangu inataka angalau omu 3. Ya kwangu ilisoma 3.2. Hesabu ni rahisi: volti 12 kwa omu 3 ni ampea 4, lakini koili ya omu 1.5 itapitisha ampea 8, na kimoduli kile kidogo hakiwezi. Koili za omu ndogo ziko nyingi madukani, tena zimeandikwa kwamba zina nguvu zaidi.

Pia nilipima volti zinazofika kwenye koili swichi ikiwa imewashwa. Betri ilikuwa 12.5, koili ikawa inapata 10 na kidogo. Waya za zaidi ya miaka 50 na swichi iliyochoka zinakula zilizobaki. Tulifunga rilei (swichi inayoendeshwa na umeme): waya wa zamani unaiamsha tu, umeme wa koili unatoka moja kwa moja kwenye nyaya za dinamo kupitia fyuzi. Waya za plagi nilihakikisha ni zenye rezista, maana za shaba tupu zinapiga kelele za umeme zinazovuruga moduli.

Kufunga kwenyewe ni kazi fupi. Kwenye mdomo wa distribyuta kuna alama ndogo ya mkato. Geuza puli mpaka rota iielekee na alama ya puli iwe kwenye mstari wa katikati ya injini, hapo uko silinda namba 1. Meno ya chini yamekaa upande, hayawezi kuingia kinyume. Pakaa oili kwenye mpira wa duara, ingiza, kaza kibano nusu. Sehemu ya kibano tuliisugua kwa msasa mpaka chuma kikaonekana, kwa sababu moduli inapata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kupitia bodi. Tulizibua kile kipua cha kabureta, tukaweka mpira mpya.

Taimingi tuliseti kwa taa ya taimingi inayomulika puli, injini ikiwa na joto, mpira wa vakyumu umechomolewa na kuzibwa: digrii 30 kwenye mizunguko 3,500. Wengi wanaseti kwenye sailensi na kuridhika. Mimi na mzee tunaanza na ya juu, kwa sababu iliyozidi huko juu ndiyo inayotoboa pistoni. Kwenye sailensi ikakaa kati ya 7 na 8. Tuliporudisha mpira na kugusa mafuta, alama kwenye puli ikaruka mbele mara moja, tukaiona wote wawili.

Kusita kwenye taa kuliisha siku hiyohiyo. Kitonga nilipanda na gia ya pili nyuma ya malori yaliyojaa, mguu chini, nikisikiliza, na hakukuwa na mlio wowote wa chuma kugonga. Ilula nilisimama kununua vitunguu na nyanya, nikazima, nikawasha injini ikiwa ya moto. Iliwaka kwa mguso mmoja.

Kuna jambo moja nimewakataza wote wanaopanda gari hili: kuacha swichi imewashwa injini ikiwa imezimwa ili wasikilize redio. Moduli na koili zinachemka kimyakimya mpaka moja ife. Redio nimeifungia waya wake wa betri. Kwenye boksi la vifaa, chini ya bonati ya mbele, nimeweka pointi zilizokwisha kufungwa kwenye kisahani chake, kondensa moja, fila geji na bisibisi fupi. Na kila ninapobadilisha oili, natoa rota, naweka tone la oili kwenye kile kitambaa kilicho katikati ya shafti, maana springi na vyuma bado vipo mle ndani na bado vinahitaji kuteleza.