Namba ya eosinofili katika karatasi ya maabara

Kiangazi kinapokolea hapa Dodoma na upepo ukaanza kuinua vumbi, sisi wenye pumu hutazamwa kwa huruma, na ukali wa ugonjwa hupimwa kwa jinsi kifua kinavyolia. Kipimo hicho hakiaminiki, kwa kuwa mtu mwenye pumu nyepesi anayetegemea inhela ya bluu (ile ya kufungua kifua haraka) peke yake anaweza kuhema vibaya kuliko mwenye pumu kali anayetibiwa ipasavyo. Daktari huupima ukali kwa kutazama, baada ya miezi kadhaa ya matibabu, ni dawa kiasi gani iliyohitajika ili ugonjwa utulie: anayetulia kwa dozi ndogo ya steroidi ya kuvuta, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, ana pumu nyepesi, na anayehitaji dozi kubwa pamoja na dawa nyingine, au asiyetulia hata kwa hizo, ana pumu kali.

Lakini ukali huo hauelezi ni uvimbe wa aina gani uliomo ndani ya njia za hewa, na hapo ndipo vipimo vya maabara vinapohitajika. Kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni hesabu ya eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu iliyoelezwa na Paul Ehrlich mwaka 1879, ambayo katika aina moja ya uvimbe hujaa kwenye njia za hewa, na ambayo hesabu yake hutokea katika kipimo cha kawaida cha FBP (picha kamili ya damu). Wengi husoma asilimia tu, ilhali asilimia 6 ya chembe nyeupe 5,000 ni eosinofili 300 kwa kila mikrolita, na asilimia hiyo hiyo ya chembe 10,000 ni 600. Kwa mgonjwa wa pumu, kiwango cha 300 au zaidi huashiria hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa, na pia matumaini kwamba steroidi ya kuvuta itamsaidia.

Kwa mazingira yetu, hata hivyo, namba hiyo ina mshirika ambaye vitabu vya Ulaya humtaja kwa kifupi mno. Minyoo na kichocho hupandisha eosinofili, na hupandisha pia kingamwili za IgE, zile zinazohusika na mzio, hata kwa mtu ambaye hajawahi kubanwa kifua. Kwa hiyo mtoto wa kijijini Bahi au Chamwino mwenye eosinofili 900 hawezi kuambiwa, kwa karatasi hiyo pekee, kwamba njia zake za hewa zimevimba. Choo na mkojo vinastahili kupimwa kwanza. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko linavyochukuliwa, kwa sababu kuna mnyoo aitwaye strongiloidi, ambao steroidi za kumeza zinaweza kuufanya usambae mwilini hadi kuhatarisha maisha.

Kipimo kingine ni cha gesi ya oksidi ya nitriki katika pumzi, ambacho mgonjwa hupuliza polepole kwa takriban sekunde 10 ndani ya mashine. Kwa mtu mzima, chini ya sehemu 25 kwa bilioni uvimbe wa eosinofili si wa kutarajiwa sana, na juu ya 50 unatarajiwa. Ila uvutaji wa sigara huishusha namba hiyo. Mashine zake si za kila hospitali, na sioni sababu ya mtu kuuza mbuzi ili aifuate mbali wakati FBP haijasomwa vizuri.

Kifaa cha kupima nguvu ya pumzi, ambacho bei yake ni nafuu, hueleza jinsi njia zilivyobana, wala si uvimbe wenyewe, ingawa kupanda na kushuka kwake kati ya asubuhi na jioni ni habari muhimu kwa daktari.

La mwisho ni wakati wa kutoa damu. Prednisoloni, steroidi ya kumeza, hushusha eosinofili ndani ya saa chache, hivyo damu iliyochukuliwa baada ya vidonge vya dharura inaweza kuonyesha sifuri kwa mtu ambaye kifua chake kimejaa chembe hizo. Ikiwa hali inaruhusu, damu itolewe kabla ya kidonge cha kwanza. Ikiwa hairuhusu, dawa itangulie, na kipimo kirudiwe wiki kadhaa baada ya dozi kwisha.