Pama ya Babu na Beseni la Maji ya Moto

Siku tatu kabla ya Krismasi ya mwaka jana nilipanda kwetu Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kama tufanyavyo Wachagga wengi wa mjini Desemba inapofika, safari ambayo watani wetu huiita kwenda kuhesabiwa, nikaikuta pama ya marehemu babu inaning'inia sebuleni kwenye msumari ule ule iliokuwa ikining'inia nilipokuwa mtoto. Ilikuwa imejaa vumbi, ndani ina mstari mweupe wa chumvi ya jasho, na juu msumari umekisukuma kichwa cha kofia hadi kikatoa nundu. Nikaona si vibaya niifue niivae kwenye Misa ya Krismasi. Nilichemsha maji, nikayamimina kwenye beseni, nikatia sabuni ya unga, nikaisugua kwa burashi ya kufulia kwa bidii ya mtu asiyejua anachokifanya, kisha nikaianika juu ya uzio palipo na jua kali. Jioni nilipoitoa ilikuwa ngumu kama gamba, ukingo umejikunja kama jani la mgomba lililokauka, na haikupita hata utosini mwangu. Mama aliigeuza mara mbili mikononi, akasema, “Mzee hakuwahi kuiloweka hii hata siku moja,” akaenda zake jikoni.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuhusu kofia kuliko nilivyotarajia, na jambo la kwanza nililolielewa ni kwamba kofia nyingi majumbani mwetu huharibiwa na kufuliwa, wala si kuvaliwa. Pama ya babu haikufumwa kama kitambaa cha shati. Ni sufu, na zile za bei kubwa zaidi huwa za manyoya ya sungura, iliyoshindiliwa mpaka ikawa kitu kimoja. Ukiutazama unywele wa sufu kwa hadubini utaona una magamba madogo yaliyopangana kama ya samaki, na magamba hayo yakipata joto, maji, sabuni na msuguano kwa pamoja, nywele hukamatana na kuvutana zisiachiane tena. Hivyo ndivyo watengenezaji wa kofia wanavyoishindilia sufu kiwandani. Mimi na beseni langu tulikuwa tunaiendeleza kazi ya kiwanda bila kujua, na kwa kuwa kofia ilishakamilika miaka mingi iliyopita, kilichobaki kwake kilikuwa ni kusinyaa tu.

Pama husafishwa kavu. Unachohitaji ni burashi yenye nywele laini, ambayo huitumii kwa viatu, na dakika tano za utulivu: unapiga kwa kufuata mwelekeo ambao manyoya yamelala, ukizunguka kofia yote, kuanzia juu ukishuka ukingoni, ili vumbi lianguke badala ya kuhamia sehemu nyingine. Vumbi la Pasua na Njoro, mitaa ya hapa Moshi, wakati wa kiangazi ni laini mno na huingia hadi chini ya utepe, kwa hiyo utepe huinuliwa kidogo kwa kidole na kupigwa burashi peke yake. Pakiwa na doa la mafuta, na pama ikiwa ya rangi nyepesi, nyunyiza unga wa mahindi uliokobolewa, uuache usiku kucha unyonye mafuta, asubuhi uupige burashi utoke. Kwa pama nyeusi unga ni adha, kwa kuwa utakuwa ukiutafuta kwenye manyoya wiki nzima. Huko ninatumia kipande cha mkate mkavu, ninakibonyeza juu ya doa na kukiinua bila kusugua.

Ikinyeshewa, na masika ya Kibosho hayabishi hodi, wengi hukimbilia kuiweka karibu na jiko au kwenye dashibodi ya gari. Huko ndiko ukanda wa ngozi ulioshonewa ndani unakosinyaa, nao ukisinyaa huivuta kofia nzima. Ikung'ute taratibu, uutoe ukanda huo nje, kisha uisimamishe kofia juu ya ukanda wenyewe, ukingo ukiwa hewani, ikauke kivulini kwa mwendo wake hata kama itachukua siku mbili. Ikishakauka, mahali palipobonyea hurudishwa kwa mvuke wa birika: shika kofia umbali wa kiganja kutoka kwenye mdomo wa birika kwa muda wa nusu dakika, ukichunga vidole, kisha uiumbe ingali na joto na uishike hivyo hivyo mpaka ipoe. Ile nundu ya msumari ilitoka kwa njia hii. Kimo na upana haukurudi, ingawa nilijaribu mara nne. Kutoka sentimita 58 ilishuka hadi 55, na mvuke pamoja na kuinyoosha kwa mikono ulinirudishia sentimita moja tu.

Kofia za ukindu na milala zina tabia tofauti, na kwa maoni yangu ndizo zinazoonewa zaidi kwa sababu ni za bei ndogo. Zile zinazosukwa huko pwani huanza kama ukili, mkanda mrefu uliosukwa, ambao huzungushwa na kushonwa kuanzia juu hadi ukingoni. Tazama yako kwa karibu utaona kwamba kinachoachia kwanza ni uzi wa mshono, huku ukili wenyewe ukiwa mzima, kwa hiyo sindano na uzi imara huiokoa kofia ambayo wengine wangeitupa. Jani likikauka kupita kiasi huvunjika, hasa pale mtu anapoishika kofia kwa kuibana mbele kwa vidole viwili kila anaposalimia wakubwa. Ni heshima nzuri, lakini ivuliwe kwa kushika ukingo kwa mikono miwili. Niliwahi kununua pale soko la Memorial kofia ya mtumba ya aina ile inayojulikana duniani kwa jina la Panama, ambayo kwa kweli husukwa Ekuador kwa majani ya mmea uitwao toquilla, ufundi ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2012 katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Muuzaji alikuwa ameikunja mara mbili ndani ya robota. Niliipangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, nikaijaza nguo kuukuu ikiwa bado laini, na baada ya siku moja ilikuwa imenyooka, isipokuwa ufa mmoja kwenye mkunjo ambao hautapona.

Shemeji yangu ni mgumu, yaani mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, na kila anaposhuka hutuletea mzula wenye harufu ya moshi wa mapishi, jasho na vumbi la siku saba. Mizula ni rahisi, mradi ujue umeshika nini. Chomoa uzi mfupi upande wa ndani, uuchome kwa kiberiti ukiwa karibu na sinki: ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, ni sufu, ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, ni nyuzi za kiwandani. Ya kiwandani hustahimili maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida. Ya sufu hutaka maji baridi, sabuni laini kama ile ya kuoshea nywele, na kubonyezwa badala ya kusuguliwa. Haikamuliwi, huviringishwa ndani ya taulo na kukaliwa kidogo, kisha hulazwa bapa, kwa sababu ikitundikwa hurefuka kama soksi. Jiki isiisogelee kabisa, kwani huila sufu mpaka ikayeyuka.

Kapelo sina mengi ya kusema. Ibonyeze ule mdomo wa mbele: zile kuukuu zina karatasi ngumu ndani na zikilowekwa zimekwisha, lakini nyingi za siku hizi zina plastiki. Pangusa sehemu ya ndani kwa kitambaa cheupe chenye maji uone kama inachuja rangi, loweka nusu saa kwenye maji ya vuguvugu, sugua ukanda wa jasho kwa mswaki wa zamani, kisha uivalishe bakuli ikauke kivulini. Kapelo nyeusi inayoanikwa juani huwa ya kahawia kabla mwaka haujaisha.

Kofia ya kiua, ambayo wengi hapa Moshi huiita baraghashia tu, niliijua kwa kumtazama jirani yetu, mama mmoja mwenyeji wa Pangani anayewatayarishia watu kofia zao Idi inapokaribia. Huanza kwa kuiloweka kwenye maji baridi yenye sabuni ya mche iliyokwanguliwa, kisha huipitisha kati ya viganja kana kwamba anaosha mchele. Nilipotaka kumsaidia nikaishika kuikamua, alinizuia mkono: “Usiikamue mwanangu, uzi ukivutwa kiua kinafumba.” Viua ni vile vijitundu vilivyozungushiwa uzi kwa mkono, na ndivyo vinavyopitisha hewa kichwani, kwa hiyo kofia ambayo viua vyake vimefumba ni kofia ya joto. Kanji huipika mwenyewe: kijiko kimoja cha wanga wa muhogo hukorogwa kwanza kwenye maji baridi kidogo, kisha humiminiwa nusu lita ya maji yanayochemka huku mkono mwingine ukikoroga, mpaka ule weupe utoweke na kubaki kitu cha kuteleza. Huuacha upoe, huichovya kofia, halafu hupuliza kiua kimoja kimoja kwa mdomo ili kanji isizibe. Baada ya hapo huivalisha kopo la maziwa lenye mzunguko sawa na kofia, na ikiwa na unyevu kidogo tu huipiga pasi juu ya kitambaa cheupe. Kofia yake nyeupe tupu huianika juani bila wasiwasi, kwa kuwa jua huing'arisha pamba nyeupe, lakini yenye darizi ya kahawia au ya dhahabu huiweka barazani.

Kuhifadhi ndiko kulikonigharimu mara ya pili. Niliiweka pama ndani ya mfuko wa rambo, mmoja wa ile iliyopigwa marufuku Juni 2019 lakini isiyokosekana chini ya masinki yetu, na masika yalipokwisha nikaikuta na ukungu pamoja na vitundu viwili vya nondo. Ukungu niliupiga burashi nje ya nyumba, nikapangusa kwa siki iliyochanganywa na maji. Nondo anayeruka hali kitu. Wanaokula ni mabuu wake, na hupenda sufu yenye jasho kuliko iliyo safi. Majani ya mwarobaini na karafuu huenda vikamfukuza mama, lakini mayai yaliyokwisha kutagwa hayatishwi na harufu, kwa hiyo niliifunga kofia vizuri na kuilaza wiki mbili kwenye friza, kati ya ndizi na nyama, mke wangu akinitazama kwa jicho ambalo sitalieleza hapa.

Sasa imo ndani ya boksi la katoni juu ya kabati, imelala kichwa chini na ukingo juu ili ukingo usibebe uzito, na ndani nimeijaza kipande cha khanga kuukuu iliyofuliwa, kwa kuwa wino wa gazeti huhamia kwenye sufu. Kila mwanzo wa Juni, mvua zikishakatika, nitaitoa pamoja na wenzake, nizipige burashi zote chini ya mwembe na kuziacha kivulini saa moja. Krismasi ijayo tutapanda nayo Kibosho. Kwangu haitaingia, lakini mwanangu wa kwanza ana miaka kumi na kichwa chake kina sentimita 54, na msumari wa sebuleni nimekwisha kuung'oa.