Turubai 9 za udongo mwekundu

Jumamosi. Naandaa turubai 9 za kuchorea picha. Nimenunua kitambaa cha marekani sokoni Majengo, mita 2 zenye upana wa mita 1.5, nikaifua kwa maji ya moto ili inywee kabisa kabla ya kupigiliwa. Mbao ni mabaki ya fundi seremala wa mtaani. "Dada, hizo mbichi ziache, zitapinda," akanichagulia kavu. Fremu 9, sentimita 30 kwa 40.

Jumapili. Gundi nyeupe ya mbao na maji, mkono mmoja, yaani tabaka moja. Hapa sibani matumizi: mafuta ya rangi yakigusa pamba tupu huiozesha polepole, mpaka kitambaa kikatike kama jani kavu. Nimedondosha tone la mafuta kwenye kipande cha majaribio. Asubuhi nyuma yake pakavu, basi gundi imeziba.

Jumatano. Tabaka jeupe la kupokea rangi: chaki iliyotwangwa, gundi, na rangi nyeupe ya maji ya ukutani. Mikono 3 myembamba, msasa katikati. Upepo wa Julai hapa Dodoma hukausha kila kitu upesi, na mkono mnene ukikauka hivyo hupasuka. Tena vumbi linanata. Nimehamia chumbani.

Sasa rangi ya chini. Juu ya weupe mtupu kila rangi huonekana nzito kuliko ilivyo, jicho linadanganyika. Nilitaka wekundu wa kati, na wazo nililipata Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani: wekundu wa udongo wenye chuma haupaukii juani. Basi nikachimba nyuma ya nyumba, Nzuguni. Nikakoroga udongo ndooni, nikasubiri mchanga utue, nikamimina yale maji mekundu kwenye ndoo ya pili. Kesho yake tope laini lilikuwa limetuama chini. Nikalianika, nikalisaga, nikalichekecha kwa kitambaa.

Turubai 2 za kwanza zimeharibika. Udongo mwingi, gundi kidogo: nikipitisha kidole kinatoka chekundu, na chochote nitakachopaka juu yake kitabanduka nao. Nimezisugua na kuanza upya. Jambo jingine: gundi mbichi ni nyeupe, ikikauka inakuwa angavu, kwa hiyo mchanganyiko wa waridi ndooni hugeuka rangi ya tofali kwenye turubai. Sasa napaka kwanza kwenye karatasi na kusubiri ikauke ndipo niiamini.

Leo nimeanza mbuyu kwa rangi ya mafuta. Anga nimelipaka, shina nimelipaka. Ardhi sijaigusa, ipo tayari.