Ramani ya ubongo wa panya nimeipata kwa taa ya wavuvi wa dagaa

Waliniambia bila MRI ya Tesla 9.4, ile mashine ya sumaku kali ya kupiga picha za ndani ya mwili, nisahau. Jamaa mmoja aliyesoma nje ndo alikuwa kinara wa kukatisha tamaa, eti kuona ubongo wa panya ukiitikia umeme aliopigwa mkononi siyo kazi ya kufanyia Mwanza. Sasa mbona akina Amiram Grinvald, wanasayansi wa ubongo, walishaonyesha tangu 1986 kwamba kamera na mwanga vinatosha? Sehemu ya ubongo ikichapa kazi damu inajaa pale, damu inanyonya mwanga wa kijani, panakuwa na giza kidogo. Kidogo kweli lakini, asilimia moja au chini yake, jicho halioni kitu, ndo maana unarudiarudia halafu unachukua wastani.

Kibali cha kufanyia panya jaribio nilikuwa nacho. Dawa ya usingizi ni yurethani, vaa glavu inaleta kansa hiyo, na panya akishalala na hiyo haamshwi tena. Kusaga fuvu hadi liwe jembamba mwanga upite ni ustadi wa mkono tu, ila dondoshea maji ya chumvi ya baridi muda wote maana drili ikipasha mfupa ubongo wa chini unaungua. Fuvu likilowa unaiona mishipa myekundu ilivyotambaa, raha sana.

Kilichonitesa ni taa. Ya kwanza nilichomeka ukutani, na umeme wetu mnaujua, mwanga unapanda unashuka, nikichora ramani naona ubongo mzima "unaitikia" na panya hata hajaguswa! Wakasema nunua stabilaiza, nikanunua, laki na ushee imelala kwenye kona hadi leo, taa bado inacheza. Nimeenda zangu Mwaloni Kirumba, soko la samaki, kutafuta mboga nakuta fundi anafunga taa za dagaa, zile LED za betri, samaki nikawasahau. Namuuliza fundi hizi hazichezi? "Dokta, betri icheze kwa nini?" Nikamwomba anifungie za kijani tupu kwenye bati zipoe, akaweka na kidude cha kushikilia mkondo usipande wala kushuka. "Sasa kijani hii unavulia nini?" Panya, nikamwambia. Alicheka mpaka akaita wenzake. Elfu thelathini hivi, na soda juu yangu. Ila iache iwake nusu saa kwanza, LED ikiwa inapata moto mwanga unahama.

Halafu kuna wale wa "mlaze usingizi mzito kabisa asitikisike", hao msiwasikilize, usingizi ukipitiliza ubongo nao unanyamaza. Nikibana kidole asivute mguu, anapumua vizuri, joto 37, inatosha.

Sindano mbili chini ya ngozi ya mkono wa kushoto, miliampia moja na nusu hivi, mipigo mitano kwa sekunde, vidole vinachezacheza. Sekunde mbili tatu doa la giza hilo hapo kwenye picha, upande wa kulia, kama milimita nne toka mstari wa kati. Nikahamishia mkono wa kulia, doa likaenda kushoto, aisee nilipiga kelele peke yangu. Mguu wa nyuma, likarudi nyuma kidogo na kusogelea mstari wa kati, kama atlasi, kitabu cha ramani za ubongo wa panya, inavyosema.

Jamaa wa Tesla nikamrushia picha. Akajibu, "Na ndani zaidi umeona nini?" Hapo kanishika, kamera inaona juu juu ya gamba la ubongo tu, chini huko haifiki. Ila yeye mashine anaipangia foleni, ya kwangu iko hapa inachaji.