Mwaka niliohamishia cherehani barazani

Nyuma ya daftari langu la vipimo, kurasa ambazo mteja hafiki, niliandika mambo matatu mwanzoni mwa 2013: ovaloki (mashine ya kumalizia pindo), chumba changu mwenyewe, sare za shule. Nilikuwa nimechoka kubeba nguo za watu hadi kwa fundi mwingine hapo Mumias anipigie pindo, naye akinitoza kadiri alivyoamka. Kufikia Desemba nilikuwa na shilingi 38,000. Zilibaki chache tu kufikia bei ya ovaloki.

Halafu kware wakaingia mjini.

Waliokuwa Kenya wakati ule wanakumbuka. Vile viyai vyenye madoa vilisemekana kutibu presha, sukari, pumu, na mengine ambayo kwenye chama chetu yalinong'onwa kisha yakafuatwa na kicheko. Kila mtu alikuwa na jamaa wa jamaa yake aliyenunua gari kwa mayai. Kwetu yai moja lilikwenda kwa shilingi 50. Tena kware ni ndege wa porini, kumfuga kulihitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na badala ya kutupa wasiwasi, jambo hilo lilitufanya tuone biashara yenyewe ni nzito. Wifi yangu akaniuliza mbele ya wanachama wote, "Yaani wewe bado unaweka pesa ya cherehani?" Hakunitukana. Alicheka kidogo tu, lakini kicheko kile nililala nacho.

Asubuhi nilipiga mstari juu ya yale mambo matatu, nikaandika chini yake: kware 50.

Vizimba vilihitaji mahali pakavu pasipo na paka, na mahali penyewe palikuwa chumba nilichoshonea. Nikahamishia cherehani barazani. Ndege walianza kutaga, mayai thelathini na kitu kwa siku, nami nikawa mtu wa hesabu. Wiki mbili za kwanza nilipata pesa, sitasema uongo. Lakini kinyesi cha kware kina harufu kali inayochoma macho, na vitambaa nilikuwa bado navihifadhi mle ndani. Bibi harusi mmoja alikuja kujaribu gauni. Lilipopita usoni akasita, akanusa kwapa la gauni lenyewe, kisha akanitazama kwa adabu kubwa. Nililifua mara tatu. Satini haipendi kufuliwa.

Kufikia Aprili kila boma lilikuwa na kizimba. Nilipompelekea mayai mteja wangu wa kila wiki, aliniita nyuma ya nyumba yake akanionyesha wa kwake. "Nilitaka kukuuzia wewe," akasema. Bei ikashuka hadi shilingi 10, kisha 5, kisha ukawa unabembeleza mtu achukue. Chakula cha ndege hakikushuka hata senti.

Nikawapakia wale waliobaki kwenye katoni, nikaenda kwa Kukhu, nyanya yangu, kijijini. Alicheka hadi akashika kiuno. "Isindu? Umenunua isindu kwa pesa?" Isindu ndiyo kware kwa lugha yetu, na kaka zake waliwatega bure. Akanieleza: wanasuka tundu dogo, wanamtia ndani kware mmoja anayejua kuita, wanalitundika kwenye mti mrefu uliosimikwa katikati ya shamba. Alfajiri yule wa juu anaanza kuita. Wenzake walio mbali wanasikia, wanakuja mbio, wanatua kwenye nyasi. Mitego iko kwenye nyasi.

"Na yule wa juu?" nikamuuliza.

"Yule ni mfungwa. Anaita tu."

Tukachinja sita. Nyama ya kware ni tamu, hilo sina ugomvi nalo, ingawa ukihesabu gharama nadhani sijawahi kula kitoweo cha bei kama kile. Mayai yaliyosalia Kukhu aliyachemsha yote, akaweka sinia kati yetu na chumvi kwenye kifuniko cha chupa. Alikuwa anamenya polepole, ganda likitoka na utando wake wa samawati, ndipo akaniuliza bila kuinua macho, "Hivi wewe, mjukuu wangu, ulianza lini kupenda ndege?"

Nilichovya yai kwenye chumvi, nikalitia lote mdomoni ili nisijibu.

Wiki hiyo hiyo nilisugua chumba kwa maji ya moto na Jik, siku mbili mfululizo, nikarudisha cherehani dirishani. Ovaloki niliinunua 2016. Daftari lile ninalo bado. Ule mstari niliopiga ulikuwa wa peni nyekundu, lakini yale mambo matatu chini yake yanasomeka.