Kabla hujakata rufaa ya mkopo, fungua kwanza ulichotuma

Kila mwaka kikifika kile kipindi cha majina ya mikopo kutoka, simu yangu haitulii. Mara shangazi, mara jirani, mara mtu kanitumia tu skrinshoti ya akaunti ya mtoto wake bila hata salamu, eti "hebu angalia hii tufanyeje". Kwenye ukoo wetu mimi ndo nilitangulia kuhangaika na mambo ya HESLB, yaani bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu Tanzania, afu wakaja wadogo zangu nikawajazia, wakaja watoto wa baba mdogo nao nikawajazia, basi imekuwa kazi ya kudumu isiyo na mshahara. Sasa maelezo ni yaleyale kila mwaka na nimechoka kuyarudia kwa voisi noti ndefu, kwa hiyo naandika hapa, mtu akinitafuta namtumia linki.

Jambo lenyewe ni hili. Wengi wanaichukulia rufaa kama kuomba mkopo mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Mtu anaandika barua kurasa tatu, maisha ni magumu, baba ni mkulima, mama anauza mboga, naombeni sana wazazi wangu mnifikirie, anaituma, afu anasubiri miujiza. Lakini ule ugumu alishautaja kwenye maombi ya kwanza! Rufaa kwa jinsi ninavyoielewa mimi ina swali moja tu, kuna kitu gani kuhusu nyumbani kwenu ambacho bodi haikukiona ilipokuwa inaamua, na uthibitisho wake uko wapi. Usipoweza kujibu hilo kwa karatasi, utakuwa umetuma kilekile walichokikataa.

Kabla ya yote tulia. Mikopo inatoka kwa awamu, na kila awamu unaangalia mwenyewe kwenye akaunti yako ya SIPA, ile ya mwombaji kwenye mtandao wa bodi, huna haja ya kumlipa mtu akuangalizie. Kukosa awamu ya kwanza sio kukosa mkopo. Nimeona dogo analia kabisa siku ya awamu ya kwanza, mama yake keshaanza kupiga simu kwa ndugu wachangishane, na huyo mtoto jina lake likaja kutoka baadae kwenye awamu nyingine. Dirisha la rufaa lina tangazo lake na linakuja majina yakishatoka. Ila kutulia sio kulala, maana dirisha likifunguliwa halikai wazi muda mrefu, na karatasi nyingi utakazozihitaji hazipatikani kwa siku moja. Zianze kuzitafuta sasa hivi.

Kitu kingine soma mchanganuo wa mkopo wako. Rufaa sio ya waliokosa tu, na aliyepata kidogo anaweza kukata, lakini lazima ujue kidogo hicho ni kidogo wapi. Mkopo una vipengele, kuna chakula na malazi, kuna ada, kuna vitabu na viandikwa, kuna mafunzo kwa vitendo na mengine kulingana na kozi. Ile pesa ya kujikimu, bumu kama mnavyoiita, ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku ikapandishwa kuwa 10,000. Sasa mtu anaweza kuwa na bumu lake afu kwenye ada kawekewa kiasi kidogo, yeye anaangalia jumla tu kule chini anasema "nimepewa hela nyingi mbona chuo kinanidai". Au kinyume chake, anasema nimenyimwa, kumbe yuko sawa kwenye karibu kila kitu isipokuwa ada. Ukishajua pengo liko wapi hata maelezo yako yanakuwa mafupi.

Haya, sasa kazi yenyewe. Fungua fomu uliyotuma mwanzo, ile ile, na viambatanisho vyake vyote, isome kama vile wewe ndo umekaa ofisini Dar na humjui kabisa huyu mtoto. Hapo ndo utaona mambo. Mimi nikiletewa kesi ya rufaa naanzia hapo kabla hata sijasikiliza stori, na mara nyingi jibu linakuwa palepale.

Mfano ninaokutana nao sana ni wa mtoto aliyesoma shule binafsi kwa kufadhiliwa. Kuna binti wa jirani yetu, mama yake anafua nguo za watu, binti ana akili kuna kanisa lilimchukua likamsomesha shule ya ada kubwa kidato cha kwanza mpaka cha sita. Kwenye fomu kaandika jina la shule, basi. Ukiangalia ukiwa mbali unaona nini? Unaona familia iliyoweza kulipa mamilioni miaka sita, na sasa eti haiwezi ada ya chuo. Nani atakuamini? Mama yake akawa ananiambia "lakini kila mtu hapa mtaani anajua sisi hatuna kitu". Mama yangu, mtaa unajua, mfumo haujui. Alichohitaji ni barua ya wafadhili inayosema tulimsomesha sisi, kuanzia lini mpaka lini, na ikiwezekana na kwamba ufadhili umeishia hapo. Hiyo barua ilitakiwa iwe kwenye maombi ya kwanza na mwongozo wa bodi unasema hivyo kila mwaka, ila nani anausoma mwongozo jamani, watu wanasoma meseji za grupu. Tukaifuata barua, ikapandishwa kwenye rufaa, bila hadithi nyingine yoyote, na akapata.

Kundi la pili ni la misiba, na hapa naomba mnivumilie maana ni pagumu kupasema. Mtoto anaomba mkopo mzee yuko hai, dirisha la maombi linafungwa, mzee anafariki kabla majina hayajatoka. Hiyo ni sababu ya rufaa isiyo na ubishi kabisa, hali ya nyumbani imebadilika. Tatizo linakuja kwenye karatasi. Familia iko kwenye msiba, hakuna anayetaka kusikia habari za vyeti, wanasema tusubiri arobaini ipite. Afu mtoto anaenda kupandisha kibali cha mazishi akidhani ndo cheti cha kifo. Sio! Kibali kinakuruhusu kuzika, cheti cha kifo kinatoka RITA, wale wakala wa serikali wa vizazi na vifo, unaweza kuanzia ofisi zao zilizoko wilayani kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, na kikishatoka bado kinatakiwa kuhakikiwa na RITA ndipo bodi ikitambue. Kwa Zanzibar wenzetu wana wakala wao, ZCSRA. Hizo ni hatua mbili tofauti na kila moja ina muda wake. Kwa hiyo kama uko kwenye hali hii, mtafute baba mkubwa au mjomba mmoja mwenye kichwa kilichotulia, mwambie yeye ashughulike na cheti tu, nyie wengine muendelee na msiba. Haina maana hamumheshimu marehemu.

Na kwenye vyeti hivyohivyo kuna shida ya majina, ambayo mimi naona inawaumiza watu kuliko hata umaskini wenyewe. Cheti cha kuzaliwa kinasema baba anaitwa hivi, cheti cha kifo kimeandikwa na jina la babu ambalo kwenye cha kwanza halipo, kitambulisho cha NIDA cha mama kina jina la ukoo la kwao, cheti cha kidato cha nne nacho herufi moja imerukwa. Nyumbani mnajua ni mtu mmoja. Kwenye karatasi ni watu watatu, na yatima wako anaonekana ana baba mwingine mahali fulani. Dawa yake ni hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani inayosema majina haya yote ni ya mtu huyuhuyu, iambatanishe na vyeti vyenyewe. Usiache mtu abahatishe.

Mengine ni mafupi. Kama kuna ulemavu, wako au wa mzazi, kuna fomu yake na inasainiwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa, cheti cha zahanati ya jirani hakitoshi. Kama kaya yenu iko TASAF, ule mfuko wa serikali wenye mpango wa kunusuru kaya maskini, namba ya kaya ni kitu kikubwa sana, nenda kaulize kwa mtendaji wa kijiji au mtaa uiandike vilevile ilivyo. Kuna watu wako TASAF miaka na hawakuijaza kwenye fomu kwa sababu mtoto aliona aibu wenzake pale steshenari wasije wakaona. Aibu hiyo ina gharama mwanangu.

Hiyo aibu nayo ngoja niisemee kidogo. Kuna wazazi, hasa akina baba, ukiwaambia tukate rufaa wanakunja sura, "mimi siwezi kuombaomba serikali". Mzee wangu, huu ni mkopo. Mtoto akimaliza akapata ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe, sheria ilibadilishwa 2016 ikatoka asilimia 8. Angalau ile asilimia 6 ya kila mwaka iliyokuwa inaongezwa kwenye deni ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021, maana kuna kaka zetu waliona deni linakua wakati wanalipa. Kwa hiyo unapokata rufaa unaomba uamuzi juu ya deni ambalo mwanao atalilipa mwenyewe, unaomba likokotolewe kwa hali halisi ya kwenu. Sioni ombaomba hapo.

Upande wa kutuma sasa. Simu janja inatosha kwa mambo mengi ila kwa nyaraka mimi napendelea steshenari yenye skana ya kweli, maana picha ya simu yenye kivuli cha kidole na muhuri usiosomeka ni sawa na hujatuma. Ukishaskani fungua hiyo PDF mwenyewe uikuze uone kama namba ya cheti inasomeka, sio kijana wa steshenari akuambie "iko poa" wakati nyuma yako kuna foleni. Usiende siku ya mwisho, siku ya mwisho kila mtu yupo. Na ukimaliza piga skrinshoti ya ule ukurasa unaoonyesha rufaa imepokelewa, utunze, na toka kwenye akaunti. Narudia, toka kwenye akaunti! Kompyuta za steshenari zinakumbuka pasiwedi za watu, na namba yako ya mtihani ya kidato cha nne ndo inakutambulisha humo ndani, mtu akiwa na hiyo na pasiwedi anakuwa wewe.

Hapo ndo wanapoingia wale wa "nina mtu wangu pale ndani". Kipindi cha rufaa wanajaa kwenye magrupu kama kumbikumbi wa masika, wana picha ya profaili yenye nembo, wanaongea kwa upole, wanataka pesa kidogo ya kusogeza faili na pasiwedi yako ili "waangalie". Jiulize tu, mtu wa ndani kweli angehitaji pasiwedi yako ya nini? Malipo yoyote halali ya bodi yanapitia kontro namba ambayo mfumo wenyewe unakutolea, hakuna cha kumtumia mtu kwenye namba yake ya simu. Ukikwama kabisa nenda dawati la mikopo la chuo chako, kila chuo kina afisa wa mikopo na bado wanafunzi wanapita mlangoni kwake wanaenda kuuliza grupu la WhatsApp. Bodi nayo ina ofisi za kanda, wa Mwanza, Mbeya au Arusha hana sababu ya kupanda basi mpaka Dar kuuliza.

Wakati unasubiri majibu usikae nyumbani. Ongea na chuo kuhusu kulipa kwa awamu, ripoti, jisajili, maana rufaa inayomkuta mtu hayupo chuoni haimsaidii. Na kama jibu likirudi vilevile, bado mwaka unaofuata mwanafunzi anayeendelea ambaye hana mkopo anaruhusiwa kuomba, ilimradi afaulu. Sasa hivi nina mmoja wa hivyo, mtoto wa baba mdogo, alikosa mwaka wa kwanza na rufaa yake haikwenda kokote kwa sababu cheti cha kifo cha mama yake kilikuwa bado hakijahakikiwa. Siku hizi kimeshahakikiwa, kiko kwenye bahasha kwangu na kopi iko kwenye imeili yake. Tunasubiri dirisha la maombi tu.